Uzoefu wangu na mafundi wa "kuandaa nyumba ya kuuza", Kigamboni

Nyumba ya marehemu baba iko Kigamboni, robo saa kwa mguu kutoka baharini. Tulipokubaliana ndugu wote kuiuza, dalali alikuja, akazunguka kimya, halafu akakwaruza ukuta wa sebule kwa ukucha. Unga mweupe ukamwagikia kiatu chake. "Dada, mteja akiona hii anakukata milioni kumi papo hapo."

Nikatafuta mafundi wanaojitangaza kwa kazi ya kuandaa nyumba za kuuza: rangi, koki, umeme mdogomdogo, usafi na picha za tangazo. Sh 2,300,000 pamoja na vifaa, siku saba.

Usafi wao siwezi kuusema vibaya. Kijana mmoja alipiga magoti bafuni siku nzima na mswaki, akasugua katikati ya vigae mpaka nikajua kwamba groto yetu ilikuwa nyeupe kumbe. Na mlango wa jikoni, ule ambao tangu enzi za baba haufunguki mpaka uunyanyue kwa goti, waliunyoosha kwa dakika kumi. Miaka yote ile!

Rangi ndiyo iliyoniumiza. Walikwangua juujuu kwa brashi ya waya, wakapiga skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) palepale kwenye plasta iliyokwisha liwa, wakamalizia mikono miwili ya krimu. Siku ya picha ukuta unang'aa kama yai. Wiki ya tatu, mteja wa pili yuko sebuleni, nikaona malengelenge yamepanga mstari juu kidogo ya sakafu. Na yeye aliyaona. Nilipompigia fundi akaniambia, "Dada, nyumba ina chumvi yake hiyo." Kana kwamba si mimi niliyemwonyesha ule unga siku ya kwanza.

Mzee mmoja fundi wa mtaani ndiye aliyenielewesha. Chini ya ukuta hapakuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, kwa hiyo unyevu unapanda kutoka kwenye msingi na kubeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki usoni na kuisukuma rangi. Dawa yake ni kubomoa plasta hadi kwenye tofali, kama mita moja kwenda juu, kupiga upya kwa mchanga na maji visivyo na chumvi, si maji ya kisima chetu, kisha kuacha ikauke wiki kadhaa kabla ya rangi. Vyumba viwili vimenigharimu Sh 480,000 nyingine. Sebule nimeiacha na plasta tupu.

Halafu mteja wa tatu hakuuliza rangi kabisa. Aliuliza hati iko kwa jina la nani. Bado la baba! Akataka barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, stakabadhi za kodi ya ardhi, na akaingiza hela kidogo kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla ambayo kodi ya majengo hukatwa humo, aone kama kuna deni la kodi ya majengo. Kaka ndiye msimamizi, ila jina lake halijaingizwa kwenye hati mpaka leo. Ningejua, ningeanza huko ofisi ya ardhi kabla ya kununua ndoo hata moja ya rangi.

Kwa usafi na milango nitawaita tena, kwa malipo ya siku. Rangi, hapana. Mteja anarudi Jumamosi na fundi wake mwenyewe. Ameniomba nisipake chochote sebuleni.