Jeki iliyoshuka, na muuza spea aliyeniita mzee wa YouTube

Nimekaa siku kadhaa nikingoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazikushuka. Kilichoshuka ni jeki.

Mimi si fundi. Ni mstaafu mwenye Probox na kivuli cha mwarobaini nyuma ya nyumba, Kisauni, Mombasa, na hapo ndipo gereji yangu. Oili nabadilisha mwenyewe, filta mwenyewe, plagi mwenyewe. Si kwa ubahili peke yake, ingawa ubahili upo. Niliwahi kumlipa fundi anitilie oili mpya, nikaja kuvuta kile kijiti cha kupimia, nikakuta nyeusi tititi kama kahawa ya buli. Tangu siku hiyo nachafua mikono yangu.

Sasa, pedi za breki za mbele zilikuwa zimeanza kupiga mluzi, ule wa kibati kidogo kinachokwaruza diski ili kukwambia pedi zimekwisha. Nati za magurudumu zilinitoa jasho, maana hewa ya bahari huku haina huruma na chuma; ilibidi nizirowesheze dizeli usiku kucha. Jeki ilikuwa mpya, ya mafuta, imeandikwa tani 2, nimeinunua juzijuzi duka moja la spea upande wa Mwembe Tayari kwa elfu sita na ushei. Nikaweka ubao chini kwa sababu ya mchanga, nikapiga mkono, gari likapanda bila taabu. Nikafungua tairi na kulilaza chini ya gari, ubavuni, kama alivyonifundisha marehemu mjomba wangu.

Mkono wangu ulikuwa ndani, kwenye kalipa, kile kibano kinachoshika pedi. Nikautoa kuchukua spana. Kugeuka, naona gari linashuka. Halikuanguka, lilishuka, taratibu, kama feri ya Likoni inavyodidimia malori yakiingia, mpaka likakalia lile tairi. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, limechoka?"

Nikafutika jeki kikapuni, nikachukua tuktuk hadi mjini. Safari nzima najiambia nisigombane na mtu, labda ni bahati mbaya, kila kiwanda hutoa kibovu kimoja.

Nikamkuta kijana yuleyule aliyeniuzia, macho kwenye simu. Nikamsalimia. Akaitikia simu yake. Nikamweleza. Akasema, bila kuinua uso, "Ulifunga valvu, ami?"

Swali si baya, nakiri. Mtu asipokaza ile valvu, jeki haiwezi kushika hata baiskeli. Lakini kuna namna ya kumuuliza mtu mzima. Nikamwambia niliikaza. Akaipokea jeki, akaiweka juu ya kaunta, akaipampu mara tatu hewani, ikapanda. "Si hii inapanda?"

Wallahi hapo ndipo damu ilipochemka. Jeki isiyobeba kitu itakosaje kupanda? Nikamwomba tuipeleke nje tuiweke chini ya gari lolote, tungoje dakika kumi tu. Akasema hapa si gereji. Kisha akasema huenda gari langu ni zito. Probox! Labda alidhani nimeipakia magunia ya mirungi.

Mke wangu, anayeijua Katiba kuliko baadhi ya waheshimiwa, alikuwa ameshanikumbusha Kifungu cha 46, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Nikamtajia yule kijana. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Halafu, mbele ya wateja wawili: "Gari ni kazi ya mafundi. Nyinyi wazee wa YouTube mtakuja kufa bure."

Sikumjibu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba sikumjibu. Jibu zuri lilinijia nikiwa njiani, nimeshafika Saba Saba.

Basi nikampelekea fundi mmoja wa jua kali, mzee mwenzangu. Akamwaga mafuta, akafungua, akatoa mpira mdogo wa duara uliomeguka kama umetafunwa na panya. Akatia mwingine. Nilikuwa nimebeba chupa ya mafuta ya breki nikidhani ndiyo yatakayotiwa, akanizuia: hayo huvimbisha mipira ya jeki, tia ya haidroliki tu. Akapampu mara kadhaa huku valvu imelegezwa ili hewa itoke, kisha akainua pikapu ya mteja wake, akatwambia twende tukaswali Adhuhuri. Tuliporudi haikuwa imeshuka hata unene wa kidole. Shilingi 200.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilitaka kutoa moja. Lakini tangu irekebishwe, jeki hii imefanya kazi yake kila mara, haivuji, haiyumbi. Kwa haki naipa nne. Hapana, tatu, kwa sababu nililipa maelfu kununua jeki nikaongeza 200 iwe jeki. Na nikifikiria kwamba mpira ule wangeweza kuubadilisha wao wenyewe palepale, kwa gharama ya vikombe vichache vya chai, badala ya kunihubiria kifo changu, basi hata hiyo moja nairudisha mfukoni. Msinunue. Au nunueni, lakini mwinue nayo gari mara ya kwanza mkiwa mmesimama mbali.

Tena nina la kuungama. Wiki iliyopita nilikuwa nazunguka mjini kutafuta stendi za kuegemezea gari, maana baada ya siku ile sitaki tena kutegemea jeki peke yake. Maduka manne hayana. La tano ni lilelile. Kijana akanitambua, na safari hii simu aliiweka chini. "Karibu ami, zimeingia stendi mpya."

Nilinunua. Ila nilimtaka kwanza aziweke sakafuni, nikazikalia moja baada ya nyingine mbele ya wateja wake, polepole, mimi na kanzu yangu. Hazikutikisika. Najua, kukaliwa na mzee si kukaliwa na gari. Jumamosi nazipandishia Probox, na lile tairi litalala chini palepale pake.