Nimebadilisha tenki la mafuta la WRX: tenki safi, ila fundi alisahau mpira mmoja

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini ya EJ20 yenye tabo. Nipo nayo Dar mwaka wa sita. Ilianza kwa harufu: nikijaza fulu, petroli inanuka mpaka siti ya mbele, mafuta yakishuka chini ya nusu harufu inapotea. Kila mtu aliniambia ni shingo ya kujazia, ile inayopita nyuma ya plastiki ya tairi la kulia, maana tope hujificha pale na chuma huliwa kimyakimya. Ni kweli ilikuwa na kutu, nikabadilisha. Harufu ikabaki palepale.

Gari lilipopandishwa juu ndipo tukaona: tenki limeoza juu, karibu na ukingo wa kiungio, mahali ambapo hata ukilala chini ya gari huoni kitu. Gundi ya chuma ilidumu wiki tatu. Fundi mwingine akataka kulichomelea, akasema atalimwaga mafuta kwanza. Hapo niliondoa gari langu. Tenki lililomwagwa lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Nikapata la used Ilala, 380,000. Usinunue kabla hujamulika tochi ndani. La kwanza nililooneshwa lilikuwa limepakwa rangi nyeusi ya kupendeza, ndani kutu tupu kama sufuria iliyosahauliwa mvuani.

Ufundi ulikuwa 250,000, na nilidhani naibiwa mpaka nilipoona kazi yenyewe. Hii ni fowili, yaani tairi zote nne zinavuta, kwa hiyo tenki limekaa kama tandiko la punda: propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma, inapita chini ya nundu ya katikati, mafuta yanakaa kushoto na kulia. Ekzosi inashuka, shafti inatoka, difu na fremu yake ya nyuma nazo zinashushwa. Siku mbili nzima. Vijana walifanya kwa usafi, bolti zilizokatika wakaweka mpya, gasketi ya pampu wakabadilisha bila kuambiwa. Harufu ikaisha siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata nikajaza fulu nikaenda Morogoro. Kurudi, kabla sijafika Chalinze, gari likakohoa mara mbili likazima. Geji inasoma karibu nusu! Nikahangaika na fyuzi, nikalaumu pampu. Bodaboda akaniletea lita tano, nikamimina kwa kukata tamaa tu, likawaka.

Nilipofika nyumbani nikang'oa siti ya nyuma, nikafungua vifuniko viwili vilivyo chini yake, nikatumbukiza njiti ya chelewa. Kulia, iliko pampu, iliroa kidogo tu mwishoni. Kushoto ilitoka imeroa zaidi ya nusu yake.

Pampu ni moja tu, ya kulia. Mafuta ya kushoto huvutwa na kijipampu kisicho na umeme, kinachofanya kazi kwa nguvu ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Mpira wake wa kupitisha mafuta ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa. Mafuta yakiwa juu ya ile nundu ya katikati, pande zote mbili zinachangia, ndiyo maana nilifika Morogoro salama. Chini ya hapo nilikuwa naendesha nusu tenki. Geji nayo ina maboya mawili na inajumlisha, kwa hiyo haikunidanganya, mafuta yalikuwepo kweli.

Fundi alipoiona picha aliomba radhi, akaja mwenyewe kuuchomeka, hakuchukua hata nauli. Kwa hilo nitarudi kwake, ila safari ijayo, kabla siti haijarudishwa, njiti ya chelewa itapita kwanza pande zote mbili.