Uzoefu wangu na tumbaku ya Semois, jani la bonde moja la Ubelgiji

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, mkoani Tabora. Nimekua nikifunga majani kwenye vijiti, nikikesha na baba kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia majani kwa joto, na asubuhi nikisugua kwa mchanga ule utomvu mweusi unaoganda viganjani. Lakini tumbaku yetu wenyewe sikuwahi kuivuta hata mara moja. Marobota yalifungwa, yakapangiwa daraja, yakapakiwa kwenye lori, basi. Huko yalikokwenda yalichanganywa na majani ya nchi nyingine, na jina la Urambo likaishia hapo.

Kiko nilianza kuvuta nikiwa nimeshahamia Liège, Ubelgiji. Kwa miaka miwili nilivuta zile tumbaku tamu zinazonukia vanila na cheri. Mkebe ukifunguliwa nyumba nzima inanukia keki, lakini ukivuta, ulimi unaungua na mdomoni hakibaki kitu. Nilikuwa karibu kuachana na kiko kabisa. Ndipo mzee mmoja jirani yangu, mwenyeji wa Ardennes, eneo la milima na misitu kusini mwa Ubelgiji, akaniletea pakiti ya karatasi ya gramu 100, imara na yenye pembe nne kama tofali dogo. Juu yake palikuwa na neno moja nililolijua kutoka kwenye ramani: Semois.

Semois ni mto. Unajipinda-pinda kusini mwa Ubelgiji katikati ya milima yenye misitu, unapita Bouillon penye ngome kongwe, kisha Alle, Vresse na Bohan, halafu unavuka mpaka na kuingia Ufaransa, ambako wanauandika Semoy, hadi unapomwaga maji yake kwenye mto Meuse. Tumbaku ililetwa kwenye bonde hilo kama zao la biashara katikati ya karne ya 19, na anayepewa sifa hiyo ni mwalimu wa shule wa Alle aitwaye Joseph Pierret. Wakulima walikuwa maskini na mashamba yao madogo, lakini ardhi ya kando ya mto ilikuwa nyepesi, na bonde linatunza joto na ukungu kuliko nyanda za juu. Jani likapenda.

Nilipoifungua pakiti ile kwa mara ya kwanza nilinyamaza kabisa. Haikunukia keki. Ilinukia majani makavu ya ng'ombe, ngozi, mbao za zamani, na kwa mbali kitu kama chai iliyopoa. Rangi yake ni kahawia isiyo na mng'ao, imekatwa vipande vinene visivyolingana, na ukiishika ni kavu kiasi kwamba unadhani imeharibika. Haijaharibika. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Jani la Semois halipakwi sukari wala manukato. Linaning'inizwa kwenye mabanda ya mbao yenye nafasi kati ya ubao na ubao, upepo unapita, linakauka polepole kwa wiki nyingi. Baadaye linakatwa na kukaushwa tena kwa joto, kama mtu anavyokaanga kahawa, na harufu yake ya mwisho inatoka hapo.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi wetu tumelima bila kuambiwa. Tumbaku ya mvuke, hii ya kwetu Tabora, hukaushwa haraka kwa joto la bani, kwa hiyo sukari ya jani inabaki ndani. Ndiyo maana ni ya njano na tamu, na ndiyo maana kwenye kiko inaweza kuuma ulimi. Jani linalokaushwa kwa hewa huwa bado hai kwa siku kadhaa baada ya kuvunwa, na katika siku hizo linaila sukari yake lenyewe. Linalobaki ni ladha ya jani na udongo wake. Semois ni ya ukoo huo wa tumbaku ya hewa, iko karibu na burley, aina nyingine inayokaushwa kwa hewa, lakini burley nilizojaribu zilikuwa na ladha ya karanga. Hii ina uchachu mwepesi na harufu ya maua yaliyokauka inayokuja kupitia puani, hasa nusu ya pili ya kiko.

Kuivuta kunahitaji mkono mwepesi. Usiishindilie. Idondoshe kwenye kiko, gusa juu kwa kidole, washa, na kwa kuwa ni kavu itashika moto kwa kiberiti kimoja au viwili. Kisha pumua nayo taratibu. Ukivuta kwa pupa inakuwa kali na ya moto, na utasema nimekudanganya. Ukienda nayo pole, moshi wake ni mwororo kuliko unavyotarajia kwa kitu kikavu namna hiyo, na chini ya kiko hakubaki maji. Mimi natumia kiko kidogo, cha kuvuta nusu saa, mara moja au mbili kwa wiki, jioni, baada ya chakula. Tumbaku si lishe, na hii ina nguvu zake. Ukiivuta na tumbo tupu utatafuta kiti.

Kuna watu wanaoinyunyizia maji au kuweka kipande cha tufaha kwenye mkebe ili ilainike. Nilijaribu. Ilikuwa kama kumwagia maji kahawa iliyokwisha kukaangwa: harufu yote ikazama. Iache ilivyo. Tatizo halisi ni karatasi yake, kwa sababu inanyonya harufu za jirani. Duka moja mjini liliniuzia pakiti iliyokaa miezi karibu na tumbaku za vanila, na nilipofika nyumbani nikakuta keki ileile niliyoikimbia. Siku hizi nikinunua naihamishia palepale kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Jambo jingine: tangu Aprili 2025 maduka ya Ubelgiji hayaruhusiwi kuweka tumbaku mahali pa kuonekana, kwa hiyo usitegemee kuiona rafuni. Itaje kwa jina.

Mwaka jana nikaamua kwenda bondeni kwenyewe. Treni hadi Libramont, kisha basi hadi Bouillon, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kufika Corbion, kijiji cha Vincent Manil, mtengenezaji ambaye jina lake ndilo linalotajwa zaidi na wavuta kiko wa nje ya Ubelgiji. Pakiti yake iitwayo La Brumeuse, yaani yenye ukungu, ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza. Ile asubuhi niliyofika niliielewa maana ya jina. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto mzima, vilele vya miti tu ndivyo vinaonekana.

Lakini kilichonishika zaidi ni mabanda. Yapo bado kando ya barabara za bonde, marefu, meusi kwa uzee, mbao zimeachana. Mengi ni matupu. Zamani kulikuwa na wakulima mamia kwa mamia, kisha sigara zikashinda kiko, ugonjwa wa ukungu wa buluu ukapiga mashamba ya Ulaya miaka ya 1960, vijana wakaenda mjini. Leo wanaolima ni wa kuhesabu. Nilisimama ndani ya banda moja lililo wazi, nikavuta pumzi. Harufu ilikuwa bado imo kwenye mbao. Hakukuwa na majivu wala tanuri, wala lundo la miti ya miombo mlangoni kama kwetu, upepo tu unaopita.

Desemba nilirudi Urambo na pakiti moja kwenye begi. Baba amezeeka, macho yamepungua, lakini vidole ni vilevile. Nilimpa baada ya kumwamkia. Hakuivuta, hajawahi kuvuta maisha yake yote. Akachukua kidogo kwa vidole, akakisagasaga kiganjani, akakinusa muda mrefu.

"Hili halijaingia bani," akasema.

"Ndiyo, baba. Limekaushwa kwa upepo."

"Jani la chini la mmea halinuki hivi. Wamechagua." Akanusa tena, kisha akaipapasa pakiti. "Wameandika nini hapa?"

Nikamwambia ni jina la mto. Mto unaopita shambani kwao.

"Wameandika mto wao juu ya tumbaku?"

"Ndiyo, baba."

Akanirudishia pakiti, akaniambia nimsomee tena.