Ziara ya Jamnagar na Balachadi: uzoefu wangu

Kwa yeyote anayepanga kwenda Gujarat, jimbo la magharibi mwa India: ziara hii ya siku moja, gari na mwongozaji, naisifu kwa moyo mkunjufu. Kuna jambo moja tu lililonikera, nitalisema.

Mimi ni mtu wa Arusha, na kilichonivuta hakikuwa makasri. Nilimfuata Jam Saheb (cheo cha mtawala) Digvijaysinhji, aliyetawala Nawanagar, dola ya kifalme ya zamani yenye makao Jamnagar, tangu 1933. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, aliwapokea mamia ya watoto wa Kipolandi waliotoka Muungano wa Kisovieti, wengi wao yatima, akawapa makazi Balachadi, kando ya bahari. Wenzao waliopitia Uajemi vilevile waliletwa kwetu Tengeru, na makaburi yao yapo hadi leo.

Asubuhi tulianzia uwanja wa kriketi wa Ajitsinhji. Vijana walikuwa wakifanya mazoezi kwenye nyavu. Mwongozaji, mzee mwenye sauti ya taratibu, akaazima gongo la mmoja wao na kutuonyesha jinsi Ranjitsinhji, ami yake Digvijaysinhji, alivyokuwa akiutelezesha mpira nyuma ya mguu kwa kukunja kifundo cha mkono tu. Ndiye aliyepata mikimbio 154 bila kutolewa, mechi yake ya kwanza kwa timu ya Uingereza, 1896. Digvijaysinhji naye alicheza, kisha akawa rais wa bodi ya kriketi ya India 1937 hadi 1938.

Chakula cha mchana kimo kwenye bei: thali ya Kigujarati, yaani sinia la vyakula mbalimbali, unaongezewa mpaka useme basi. Kasri la Pratap Vilas tuliliona kwa nje.

Sasa kero. Eneo la Balachadi leo lina Sainik School, shule ya bweni inayoandaa vijana kwa jeshi, huingii bila ruhusa. Kampuni yetu haikuwa imeomba mapema, tukachomwa na jua getini hadi mchana ukaanza kuisha. Tuliporuhusiwa, muda ulitosha kusoma kibao cha kumbukumbu na kumsikiliza mzee: watoto wale walimwita Bapu, yaani baba, wakasoma kwa Kipolandi na kusali Kikatoliki, chini ya mtawala Mhindu asiyewadai wabadilike. Nililia, sioni haya kusema. Huko Warszawa, mji mkuu wa Poland, kuna eneo la wazi mjini lililopewa jina kwa heshima yake: Maharaja Mwema.

Mkienda, daini kibali cha shule kwa maandishi kabla ya kulipa, na ombeni mchana wote uwe wa Balachadi. Mzee yule ana mengi ya kusimulia.