Mifumo ya taifa ya sifa za elimu: ngazi zinasomeka, kuhama chuo bado kazi

Kupima kama mfumo wa taifa wa sifa za elimu, yaani ngazi rasmi ambazo vyeti vya nchi hupangwa juu yake, unafanya kazi, acha kwanza kijitabu cha sera, fungua daftari la sifa zilizosajiliwa. Tafuta shahada moja, usome ngazi yake, idadi ya krediti (kipimo cha saa za kujifunza), matokeo ya ujifunzaji (yale mhitimu anayopaswa kuweza kufanya) na tarehe ya kikomo cha usajili. Hiyo tarehe ndiyo watu huiruka, na programu iliyokwisha kufungwa kwa wanafunzi wapya inaweza kuendelea kuonekana kwenye daftari.

Kwa kuonyesha cheti kipi kiko juu ya kipi, mifumo mingi inastahili alama nzuri. Ila usilinganishe namba za nchi mbili kwa macho. Ngazi ya 8 Ayalandi, yenye ngazi 10, ni shahada ya kwanza ya “honours”. Ngazi ya 8 kwenye mfumo wa Ulaya, wenye ngazi 8, ni uzamivu. Uskoti ina ngazi 12, na uzamili uko ngazi ya 11.

Kasoro kubwa iko kwenye krediti. Uskoti na Afrika Kusini, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, mihadhara na kujisomea vikiwemo. Krediti ya Ulaya ni saa 25 hadi 30, na mwaka mzima ni krediti 60, kwa hiyo krediti 120 za Uskoti huhesabiwa kuwa 60 za Ulaya. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kinachokwama ni kwamba mwanafunzi anapohama, chuo kinachompokea ndicho kinachoamua kama kitazikubali krediti zake, na mfumo haukilazimishi. Mhadhiri akiona moduli ya krediti 20, yaani saa 200, yenye mihadhara ya saa 36 na insha moja tu ya maneno 1,500, atauliza saa zilizobaki zilikwenda wapi. Ana haki ya kuuliza. Krediti zilizojazwa kwa makadirio ya mezani haziaminiki hata zikisajiliwa mara ngapi.

Ugonjwa huohuo uko kwenye matokeo ya ujifunzaji. Idara inapoambiwa iandike mtaala upya, njia ya mkato ni kubadilisha vitenzi: “kuelewa” kunakuwa “kuchambua”, huku mtihani ukiendelea kusema “taja sababu tano”. Ndiyo maana mkaguzi makini huweka karatasi ya mtihani kando ya maelezo ya ngazi, swali kwa swali, kabla hajagusa mtaala wenyewe.

Kama chombo cha mageuzi, matokeo yanategemea mfumo ulianzaje. Nyuzilandi, baada ya sheria ya 1990, ilitaka kuikatakata elimu katika viwango vidogovidogo vya umahiri. Vyuo vikuu vikagoma kuingia hivyo. Afrika Kusini, iliyoanza na sheria ya 1995, ilizalisha maelfu ya viwango vya aina hiyo, vingi bila mtu wa kuvifundisha, hadi sheria ya 2008 ikaugawa mfumo katika mifumo midogo mitatu, kila mmoja na baraza lake. Uskoti mwaka 2001 ilipanga kwenye ngazi sifa zilizokuwepo tayari, vyuo vikuu vikiwa ndani tangu mwanzo. Ni mfumo mpole, wengine watasema mwoga, lakini tungeuchagua huo.

Utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini umo karibu katika kila mfumo, lakini kuukamilisha ni shughuli: jalada la ushahidi, mtathmini, mara nyingi ada. Barua ya mwajiri inayosema “amefanya kazi vizuri” haitoshi. Kila ushahidi uunganishwe na tokeo moja la ujifunzaji.

Anayepeleka cheti nchi nyingine aombe chuo chake nyongeza ya cheti (Diploma Supplement), hati yenye sehemu 8 inayoeleza ngazi, muda, maudhui, matokeo na mfumo wa elimu wa nchi ilikotoka. Kwa nchi zilizoridhia Mkataba wa Lisbon wa 1997, unaohusu kutambuana sifa za elimu ya juu, mamlaka inayokataa ndiyo inayotakiwa kuonyesha tofauti ya msingi kati ya sifa hizo mbili. Mwombaji halazimiki kuthibitisha kwamba zinafanana. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi kabla muda wa rufaa haujapita.