Kiyoyozi cha magurudumu: kabla ya kulipa, angalia maji yatatokea wapi

Anayenunua kiyoyozi cha magurudumu huuliza kwanza BTU, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza, na umeme kitakaokula. Kwa sisi wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, swali la maji lina uzito uleule. Hewa yenye unyevu ikigusa koili ya baridi, yaani mabomba yanayopoza ndani ya mashine, mvuke hugeuka maji. Mashine ya BTU 12,000 wakati wa masika yaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Trei ya chini ikijaa, boya hupanda na kuzima kompresa, ile mota inayoendesha upoaji, na kioo cha mashine huandika FL au P1, kutegemea chapa. Watu huita fundi wakidhani mashine imeharibika, kumbe imejaa maji tu.

Hakikisha pia huuziwi feni ya maji. Ile unaijazia maji wewe, na kwenye joto lenye unyevu la Dar haisaidii kitu.

Njia za kuyaondoa maji hayo ni nne. Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, mashine yenye tundu la kutolea maji katikati ya mgongo, si chini tu. Unachomeka mpira, maji yanashuka yenyewe usiku kucha, bila umeme wala kelele. Mpira wenyewe huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chukua ule unaoonyesha ndani, ili uone ukianza kuziba kwa utelezi, na ufunge kwa klipu. Kosa kubwa liko dirishani. Tundu liko chini ya kizingiti cha dirisha, mtu anapandisha mpira apate kuutoa nje, na maji hayapandi mlima. Mpira ushuke mwanzo hadi mwisho, usijikunje sakafuni, na ncha yake isizame ndani ya maji. Kwa hiyo toboa ukuta karibu na sakafu, au uelekeze kwenye shimo la maji la bafuni. Soma na kitabu chake kabla ya kulipa: kuna mashine ambazo tundu la juu hufanya kazi zikiwa zinakausha hewa tu, na zikipoza, maji yote hushukia chini.

Ya pili ni pampu ndogo ya kununua kando. Inamfaa mpangaji wa ghorofani asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, kwa kuwa husukuma maji juu hadi dirishani au kwenye sinki. Nunua yenye waya wa usalama unaozima kiyoyozi pampu ikigoma. Bila huo, utaamkia zulia lililolowa.

Mashine zinazojikausha zenyewe naziweka ya tatu, ingawa ndizo zinazosifiwa sana madukani. Hurusha maji kwenye koili ya moto, yakageuka mvuke na kutoka na bomba la hewa moto. Dodoma au Nairobi siku za ukavu, hilo linatosha kabisa. Tanga mwezi wa Aprili, maji huingia kwa kasi kuliko yanavyokauka. Inunue, lakini iwe na tundu la mpira pia.

Ya mwisho ni yenye kizibo cha chini pekee. Kiko vidole vichache tu kutoka sakafuni, ndoo haiingii, labda trei ya kuokea. Kuinyanyua mashine ya kilo 30 juu ya meza imara kunasaidia, ila si kazi ya mtu mmoja.

Ukikinga maji kwa ndoo, yamwage kila siku. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama kama hayo. Pigia deki, usinywe.

Dukani, omba boksi lifunguliwe, geuza mashine uone mgongo wake, fungua kila kizibo kwa mkono wako na uhakikishe kizibo cha mpira cha ndani ya tundu kimo. Kizibo kikikosekana, kataa kuondoka nayo: maji yatamwagika sakafuni siku hiyohiyo, na kupata kingine cha saizi ile ni kazi.