Kioo cha Incell kwa Galaxy A50: tachi inarudi, alama ya kidole hairudi

Samsung Galaxy A50 ya mwaka 2019 bado iko mikononi mwa watu wengi, na tachi ikigoma mmiliki hukimbilia kununua kioo. Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, atawekewa mezani aina tatu: Incell (kioo cha LCD, kinachowashwa kwa taa ya nyuma), OLED ya kunakili (kila nukta hutoa mwanga wake, ila si ya Samsung), na Service Pack, yaani kioo cha Samsung chenyewe ambacho namba yake ya sehemu huanza na GH82. Incell ndiyo rahisi kwa bei kuliko OLED na Service Pack, kwa hiyo ndiyo inayonunuliwa sana. Kabla hujaitolea hela, hakikisha simu yako inaihitaji.

Anza kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hivi, mpaka simu izime na kuwaka upya. Kama ilikuwa imeganda tu, itapona hapo hapo. Ikigoma, bandua protekta, hasa ile ya kioo iliyobandikwa kwa gundi pembeni tu: katikati hubaki hewa, na kidole kinakuwa mbali na tachi. Halafu chomoa chaja. Tachi hupima mabadiliko madogo sana ya umeme yanayoletwa na kidole, na chaja isiyochuja umeme vizuri humwaga vurugu za umeme humo humo. Simu inayojibofya yenyewe ikiwa kwenye chaji na kutulia ikichomolewa haina ugonjwa wa kioo. Badilisha chaja.

Programu nazo huleta balaa. Izime simu, iwashe, na nembo ya Samsung ikitokea shikilia kitufe cha kupunguza sauti mpaka iingie kwenye hali salama (Safe mode), ambamo programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi. Tachi ikifanya kazi vizuri humo, futa programu ulizoweka karibuni.

Kipimo chenye jibu la uhakika zaidi ni *#0*#. Piga namba hizo, chagua Touch, kisha pitisha kidole kwenye vijisanduku vyote. Kama tachi imekufa kabisa, chomeka kipanya kwa adapta ya OTG ya USB-C (inayounganisha vifaa vya USB na simu) upate kupiga hizo namba. Kisha kichomoe na upime kwa kidole. Vijisanduku vikibaki vyeupe kwa mstari ulionyooka, toka ukingo hadi ukingo, mstari wa tachi umekatika na kioo hakikwepeki. Alama zikirukaruka bila kuguswa, shuku unyevu au konekta (kiunganishi cha kioo na bodi ya simu). Picha ikiwa safi lakini hakuna kijisanduku hata kimoja kinachojibu, konekta ndiyo ya kwanza kukaguliwa: fungua mfuniko wa nyuma, chomoa betri kabla ya kitu kingine chochote, kisha chomoa fleksi (utepe wa nyaya) ya kioo na usafishe pini kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Rudisha kwa kubonyeza kidogo kidogo hadi usikie imeshika. Simu iliyoangushwa mara nyingi hulegea hapo, na kazi hiyo haihitaji kioo kipya.

Ikithibitika kioo kimekufa, usikubali kuambiwa tachi itabadilishwa peke yake. Super AMOLED ya A50, ambayo ni aina ya OLED, ina tachi ndani ya paneli ya picha, kwa hiyo hubadilishwa vyote pamoja.

Incell yenyewe ni LCD yenye tachi ndani ya tabaka zake, iliyotengenezwa ikae mahali pa AMOLED. Kwa kuandika ujumbe, kupiga simu na kutuma pesa inatosha. Mwitiko wa katikati ni mzuri. Udhaifu uko ukingoni: herufi za pembeni mwa kibodi, hasa q na p, wakati mwingine hutaka kubonywa mara mbili. Hilo lipime kabla ya kulipa. Jambo kubwa zaidi ni alama ya kidole. Kihisi cha A50 kiko chini ya kioo na kinasoma kidole kwa mwanga unaopenya paneli. LCD ina taa yake ya nyuma inayoziba njia hiyo, kwa hiyo kihisi hakisomi, na hakuna mpangilio wa kukirudisha. Weusi nao huwa wa kijivujivu, na mandhari ya giza haiokoi betri tena kwa sababu taa huwaka muda wote. Paneli pia ni nene kidogo, huinuka juu ya fremu na kupasuka upesi simu ikianguka.

Kuna na hatari ya masasisho. Mwaka 2018, iOS 11.3 iliua tachi kwenye baadhi ya iPhone 8 zilizowekewa vioo visivyo vya Apple, mpaka 11.3.1 ilipotoka. Kioo chochote cha kunakili kina uwezekano huo, maana kidhibiti chake cha tachi si kile ambacho mtengenezaji wa simu amekijaribu.

Kwenye ufungaji ndipo Incell isiyo na kasoro huharibikia. Kioo kijaribiwe kabla ya gundi: kiunganishwe kikiwa na nailoni yake ya kukilinda, *#0*# ipigwe, vijisanduku vyote vijae, na ukingo upitishwe kidole taratibu. Wauzaji wengi hawarudishi kioo kilichobanduliwa nailoni, hivyo asiyekuruhusu kujaribu usinunue kwake. Cha zamani kinatolewa kwa joto la nyuzi 80 hivi. Fremu isafishwe gundi na chenga zote, maana punje moja ya kioo chini ya paneli hutosha kuleta tachi inayojibofya. Gundi ya B-7000 ipakwe uzi mwembamba, mbali na tundu la spika ya sikioni, kisha mipira ibane sawasawa bila kukandamiza. Uso hukauka kwa dakika chache tu, lakini gundi hukomaa kwa saa 24 hadi 48. Simu isiwekwe mfuko wa nyuma kabla ya hapo.

Kwa simu ya pili, au ya mtu anayefungua kwa namba ya siri, Incell ni chaguo halali. Anayetaka alama ya kidole, OLED ya kunakili huenda ikairudisha lakini lazima ijaribiwe dukani. Service Pack ndiyo yenye uhakika zaidi wa kuirudisha.